Darasa la namba ya siri Jambiani

Ukitaka kujua siku ya darasa kijijini Jambiani, usiulize kama ni Jumatatu au Alhamisi. Uliza mwezi ni wa ngapi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hupwa ikaenda mbali, na kina mama wote huwa huko kwenye mashamba yao ya mwani. Hizo ni siku za bamvua, na hakuna atakayekaa kwenye mkeka kusomeshwa wakati maji yamempisha afanye kazi. Darasa linangoja maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana wala haijai sana. Mwezi nane, mwezi tisa, kisha ishirini na mbili, ishirini na tatu. Mwalimu akisahau hesabu hiyo atakuta mkeka mtupu.

Nilikwenda mwezi ukiwa wa nane. Kutoka mjini Unguja nilipanda daladala namba 309, nikabanwa kati ya gunia la unga na mama aliyekuwa na ndoo ya rangi. Barabara inapita Tunguu, halafu inaingia chini ya miti ya Jozani, ambako kumewekwa matuta ili magari yasiwagonge kima punju wanaovuka. Kitogani njia inagawanyika, moja ikienda Makunduchi na nyingine Paje. Paje walishuka vijana wa Kizungu na mabegi yao makubwa. Sisi tuliobaki tukakata kulia kufuata pwani.

Jambiani ni kijiji kirefu na chembamba, kimejilaza kando ya bahari kama kamba. Nyumba zake nyingi za zamani ni za mawe ya matumbawe. Kati yake na maji sasa kuna hoteli, na kati ya hoteli na hoteli kuna vichochoro ambamo kina mama hupita na magunia ya mwani kichwani. Mgeni huwapiga picha. Wao wanatazama wanapokanyaga.

Kilimo hiki cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Vijiti hupigwa mchangani, kamba zikafungwa baina yake, na kila kamba ikaning'inizwa vipande vya mwani kwa vikamba vidogo. Baada ya wiki sita hivi unavunwa, unaanikwa, unauzwa kwa kilo ukiwa mkavu. Kuna mwani mwembamba na mwani mnene. Mnene ndio wenye bei nzuri, ila haupendi maji ya moto, na miaka hii maji ya kina kifupi yanapata joto kiasi kwamba unakufa mkononi mwa mkulima. Wengi wamebaki na ule mwembamba wenye bei ndogo.

Ninaeleza haya kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa darasa lenyewe. Mara nyingi tunaposikia "elimu ya fedha kwa kina mama" tunafikiria mtu anakwenda kuwaambia watu maskini waache kupoteza pesa. Kina mama wa Jambiani hawana pesa ya kupoteza. Shida yao ni kwamba chungu kinachemka kila siku, lakini pesa ya mwani inakuja kwa mkupuo baada ya wiki sita. Katikati hapo kuna daftari la muuza duka, ambalo linaandikwa na yeye, linasomwa na yeye na linajumlishwa na yeye.

Mwalimu ni binti wa hapo hapo, ana miaka ishirini na sita, alimaliza kidato cha nne akarudi kijijini. Nusu ya wanafunzi wake ni shangazi zake kwa damu au kwa heshima. Anawaita "bibi" na "mama", wao wanamwita "mwalimu" bila kutania, na darasa likiisha wanarudi kumtuma maji. Wanakaa kwenye baraza ya nyumba ya mmoja wao, chini ya kivuli cha mvinje. Siku niliyokuwapo walikuwa ishirini na wawili, na karibu wote walikuwa na kitochi. Simu janja nilihesabu tatu, na mbili kati yake zilikuwa na kioo kilichopasuka.

Hesabu ya kwanza ilifanywa kwa kauri. Mwalimu alimwaga kauri arobaini mkekani, kila moja shilingi 1,000, akasema tuseme mtu ameuza kilo arobaini kwa bei hiyo. Zigaweni. Mama mmoja akasogeza kumi na tano upande wa deni la duka bila hata kufikiri. Kumi na mbili zikaenda kwenye chakula, tano kwenye mahitaji ya skuli, nne kwenye hisa za kikundi. Zikabaki nne. Hapo ndipo mjadala ulipochemka, maana kulikuwa na harusi Bwejuu. Mmoja alisema za harusi zitoke kwenye chakula. Mwingine akamjibu kwamba usipotoa leo, na wewe ukiozesha hutaona mtu, kwa hiyo hiyo nayo ni akiba, imewekwa kwa watu tu. Mwalimu hakumkatalia. Aliuliza swali moja: lile daftari la duka, nani kati yenu ana nakala yake?

Hakuna aliyekuwa nayo. Zoezi la wiki mbili zilizofuata likawa hilo: kila mtu awe na kijidaftari chake, na kila anapokopa dukani aweke alama mbele ya muuzaji. Asiyejua kuandika "mchele" achore mduara, sukari iwe msalaba. Nilimuuliza mwalimu kama wenye maduka hawatanuna. Alisema mmoja tayari amenuna, na mwingine ameomba naye afundishwe kujumlisha.

Kuhusu hao "wasiojua kusoma" nina neno. Kwenye fomu za miradi kina mama hawa huandikwa hivyo, na wenyewe husema hivyo ukiwauliza. Lakini wengi wao wamesoma chuoni utotoni, na Kurani wanaisoma. Msahafu una aya, na aya zina namba. Mwanamke anayeweza kukufungulia aya ya 255 ya sura ya pili hawezi kuitwa hajui namba. Anazijua namba nyingine. Binti huyu aligundua jambo hilo mwezi wake wa pili wa kufundisha, alipomwona mwanafunzi wake mzee akihesabu ٤ na ٥ kwenye juzuu huku akishindwa kutofautisha 4 na 5 kwenye simu. Akachukua kipande cha ubao, akachora vitufe vya simu kwa rangi, na pembeni ya kila namba akaandika ile ya Kiarabu. Kwenye 5 akagandisha kauri, kwa sababu kwenye kitochi kitufe cha 5 kina kidutu kidogo unachoweza kukipapasa. Ukikipata hicho umezipata zote: juu yake 2, chini yake 8, kushoto 4, kulia 6. Wapo waliojifunza kubonyeza namba zao kwa vidole kabla macho hayajazizoea.

Taifa letu lina historia ya mambo haya. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na huko Bara watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao, pamba na uvuvi na ndizi. Wakati ule mtu akijua kusoma jina lake na risiti ya pamba, ameokoka. Leo risiti imehamia ndani ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo wengi wasiofika benki wamekuwa na mahali pa kuweka pesa. Ila kuna waliopewa mahali hapo bila kupewa ufunguo.

Nieleze ninachomaanisha. Mwalimu alituma ujumbe wa mfano kwenye simu zote, umepokea Tsh 30,000.00, kisha akamwomba kila mmoja aseme amepata kiasi gani. Mama mmoja alihesabu sufuri kwa kidole, moja moja, akasema kwa sauti ya kujiamini: milioni tatu. Wengine walicheka, lakini nilipotazama vizuri wanne au watano walikuwa wanahesabu upya. Alikuwa amehesabu sawasawa. Sufuri ziko sita. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile mbili zilizo nyuma ya nukta ni senti, ambazo kwa miaka mingi hakuna dukani anayezidai. Sasa fikiria mtu huyo huyo anasimama mbele ya wakala kutoa pesa, hajui aliyonayo, hajui makato ni kiasi gani, na wakala anamwambia tutoe mara mbili. Wapo wanaofanya hivyo, kwa sababu kila muamala una kamisheni yake. Mwenye pesa anaondoka akishukuru.

Kisha ukaja ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata: ile pesa tuma kwenye namba hii. Sisi tunaucheka na kuufuta. Lakini mama ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam, na ambaye kweli alikuwa na mpango wa kumtumia mtu pesa juzi, hana cha kucheka. Katika darasa lile wawili walikuwa wameshatuma. Mmoja alipoteza pesa ya mwani ya mavuno mazima, na hakumwambia mumewe mpaka leo. Alilisema hilo akiangalia ukili aliokuwa akisuka, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Hapo mwalimu hakuhubiri. Aliwafundisha mambo matatu, na akayarudia mpaka yakawa kama wimbo. Pesa ikiingia, ujumbe unatoka kwa jina la huduma yenyewe, hautoki kwa namba ya mtu. Mtu akisema amekosea kutuma na anataka arudishiwe, tazama salio lako kwanza kabla ya kumjibu. Na namba ya tapeli isifutwe tu: andika neno UTAPELI utume kwenda 15040, kisha uiingize namba hiyo. Aliwaonyesha pia *106#, inayokuambia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Bibi mmoja alikuta ana laini nne. Anaijua moja. Mwalimu aliandika jina lake pembeni ili kesho yake waende pamoja kwenye ofisi ya mtandao, na mimi nilibaki nikijiuliza wazee wangapi vijijini wana laini ambazo hawajawahi kuzisikia zikilia.

Bibi huyo ndiye niliyekuja kuzungumza naye zaidi. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari, kama wazee wengi ambao mwaka wao ulikadiriwa mezani. Analima mwani tangu ulipoanza. Simu yake alinunuliwa na mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, na mjukuu huyo ndiye aliyechagua namba ya siri, ndiye anayesoma ujumbe, ndiye anayekwenda kwa wakala. Nilimuuliza kama kijana aliwahi kumchukulia chochote. Alikasirika kidogo. "Mjukuu wangu hana tabia hiyo, mwanangu. Mtoto mwema yule. Lakini pesa yangu mimi naisikia kwa mdomo wake. Akiwa skuli, mimi sina pesa."

Huu ndio ugumu ambao darasa la aina hii linakutana nao, na hauko kwenye vitufe. Kubadilisha namba ya siri ni kama kumwambia mtoto uliyemlea kwamba humwamini. Katika nyumba zetu mtu hufunga mlango akiwa na kitu cha kuficha. Mama mwingine alisema wazi kwamba mumewe ndiye mwenye namba, na akibadilisha atatakiwa kueleza. Mwalimu alimjibu kwamba hilo ni la nyumbani kwake na yeye haliingilii. Atamfundisha namna ya kubadilisha, siku ya kubadilisha ataichagua mwenyewe. Nilidhani ni jibu la woga. Baadaye nikaona kwamba anaishi kijiji kimoja na waume hao, na darasa likigeuka la kugombanisha watu halitamaliza bamvua mbili.

Bibi alibadilisha yake siku hiyo. Alituomba tugeuke, sote, pamoja na mimi na daftari langu, na tukageukia baharini kama watoto wanaocheza kibe. Namba ya zamani aliijua kwa kuwa alikuwa amemwona mjukuu akibonyeza mara nyingi. Namba mpya, namba mpya tena. Ilikataa mara ya kwanza kwa sababu alichelewa na mtandao ukamtupa nje, naye akatoa neno ambalo sitaliandika kwenye ukurasa wa familia. Mara ya pili ilikubali. Kijana atamwambia nini? "Nitamwambia bibi yako amekua."

Wazazi wenzangu mnaosoma hapa kwenye simu, wengi wetu ndio mjukuu wa hadithi hii. Mama au baba kijijini anapiga: hebu niangalizie. Tunamwambia nipe namba ya siri nikufanyie, kwa sababu tuna haraka na kazi. Mwalimu wa Jambiani ana ombi kwa watoto wa wanafunzi wake, nalo ni dogo kuliko mnavyofikiri: simu ibaki mkononi mwa mzee. Elekeza kwa mdomo, hata ikichukua nusu saa. Mwekee huduma kwa lugha ya Kiswahili. Akikosea, acha akosee na shilingi 500 mbele yako kuliko laki moja mbele ya mtu mwingine. Na mkiwa nyumbani, angalieni kama kwenye simu janja yake kuna programu za mikopo ambazo mtu amempakulia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Wapo wanaozisoma namba zote za jamaa zako na kuwatumia ujumbe wa kukuaibisha ukichelewa kulipa. Watu wamekwishazipa mikopo ya namna hiyo jina lake, kausha damu, na sioni la kuongeza.

Mchana, baada ya chai ya mchaichai na mikate ya kumimina, darasa liligeuka kikao cha kikundi. Sanduku la chuma likaletwa, lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa wanawake watatu ambao hakuna kati yao anayekaa na sanduku. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger, katika eneo la Maradi, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, miongoni mwa wanawake ambao wengi hawakujua kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, ule ule tulioupita na daladala. Kila mkutano mwanachama hununua kuanzia hisa moja mpaka tano, na kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Usiyejua kusoma unahesabu mihuri. Wanakopeshana, wanalipa na nyongeza waliyoipanga wenyewe, kuna mfuko wa misiba na maradhi, na mwisho wa mzunguko wanagawana kila kitu, sanduku likabaki tupu. Hesabu zote zinasemwa kwa sauti mbele ya wote, na mtu akikosea kukumbuka kiasi kilichobaki mkutano uliopita anatozwa faini. Nilitazama kwa makini. Hakuna aliyetozwa.

Hoja ya siku hiyo ilikuwa mgao, unaofanyika kabla ya Idi. Sanduku limekuwa zito, na mwenye kulihifadhi alisema waziwazi kwamba halali usingizi. Katibu alipendekeza waingie kwenye simu, kwenye huduma za vikundi kama M-Koba iliyoanzishwa mwaka 2019, au angalau mgao ulipwe kwa simu ili watu wasitembee na noti usiku. Upande wa pili ukajibu: sanduku tunaliona. Mmoja alisema pesa ikiwa sandukuni wezi wake ni wa kijijini na tunawajua kwa majina, ikiwa kwenye simu mwizi wake yuko wapi? Katibu hakuwa na jibu zuri, na kwa kweli hata mimi sikuwa nalo. Nadhani sanduku lina jambo moja ambalo simu haijalipata: asiyesoma na anayesoma wanaona rundo moja la noti kwa wakati mmoja.

Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Uamuzi ukawa hivi. Sanduku litabaki mzunguko huu. Kwenye mgao, anayetaka alipwe kwa simu atalipwa, kwa sharti kwamba kabla ya siku hiyo asimame mbele ya wenzake, afungue ujumbe wa mfano mwenyewe na auseme: kiasi, aliyetuma na salio, bila mtu kumnong'oneza. Asiyeweza atapewa taslimu, na mwenye nyumba ya karibu atamsindikiza.

Wakajiandikisha tisa. Bibi hakuwa miongoni mwao. "Mwakani," alisema, akajifunga kanga yake, simu akaichomeka kiunoni, akaenda kuugeuza mwani aliouacha juani.